Januari Mosi Ina Uzito wa Kilo Moja

WAFULA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Kisumu. Tulikuwa tumeandaa mafunzo matatu kuhusu mazoezi ya wanariadha wakongwe, lakini wiki hii nilimsindikiza baba mkubwa uwanjani kurusha tufe, na nimerudi na swali linaloninyima usingizi.

AKINYI: Baba mkubwa yule aliyezaliwa Januari mosi?

WAFULA: Huyo huyo, pamoja na nusu ya rika lake kule Bungoma, ambao karani aliwaandikia tarehe hiyo kwa kuwa yao haikujulikana. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1958, ilhali kadi ya kanisa inaonyesha kwamba alibatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1954. Katika mashindano ya wakongwe, ambayo huanzia umri wa miaka 35 na kupanga washiriki kwa makundi ya miaka mitano mitano, mwanamume wa miaka 60 hadi 69 hurusha tufe la kilo 5, na akifikisha 70 hupewa la kilo 4. Je, yeye arushe lipi?

AKINYI: Kwa hiyo Januari mosi ina uzito wa kilo moja.

WAFULA: Kilo moja kamili, Dada Akinyi.

AKINYI: Basi mimi nasema apewe tufe la kilo 4. Uzito ulipunguzwa kwa sababu misuli hupoteza nguvu, hasa ile nguvu ya ghafla anayoihitaji mrushaji, na misuli haijawahi kusoma kitambulisho.

WAFULA: Mwamuzi naye hawezi kusoma misuli. Mkimbiaji mkongwe Fauja Singh alimaliza marathoni ya Toronto mwaka 2011, pasipoti yake ikimhesabia miaka 100, lakini Guinness, watunzaji wa rekodi za dunia, hawakuitambua rekodi hiyo kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

AKINYI: Umenisaidia, Mwalimu. Singh alizaliwa katika kijiji cha Punjab, India, enzi za ukoloni, mahali ambapo vyeti havikuwa vikitolewa. Katika jiji hilo hilo la Toronto, mwaka 2004, Ed Whitlock, mzaliwa wa Uingereza, alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73, na tarehe yake ya kuzaliwa haikumsumbua mtu. Kwa nini mzee alipe deni la karani?

WAFULA: Kwa sababu mshindani wake mwenye cheti halali naye ana haki. Baba mkubwa na aombe usajili wa kuzaliwa uliochelewa, kisha arekebishe kitambulisho.

AKINYI: Atafute barua ya chifu, atafute mashahidi waliomwona akizaliwa, ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, halafu afunge safari za ofisini hadi Januari mosi ya mwaka gani?

WAFULA: Yoyote, mradi ubatizo usiitangulie.

AKINYI: Unacheka, lakini hujanijibu.

WAFULA: Nimekujibu: bila karatasi, kila mrushaji atajiongezea miaka kadiri tufe linavyomlemea.

AKINYI: Kadi ya ubatizo ni karatasi.

WAFULA: Si cheti cha kuzaliwa, na hapo sitasogea.

AKINYI: Wala mimi. Fundi wa mitambo anatuonyesha saa, nasi hatujagusa kupasha mwili moto, siku za mapumziko, wala magoti.

WAFULA: Magoti yatahitaji kipindi kizima.

AKINYI: Mwambie baba mkubwa afanye mazoezi na la kilo 4.

WAFULA: Nyumbani kuna la kilo 5 pekee.