Croon: Kutoka Mlio wa Mtamba hadi Sauti ya Redioni

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza, croon. Kamusi zitawaambia ni kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza. Ni kweli, ila neno lenyewe halikuzaliwa pole.

Asili yake ni kronen, neno la Kiholanzi cha kale lenye maana ya kuomboleza, kugumia. Waskoti wakalichukua, na kwao likawa pia mlio wa ng'ombe. Robert Burns, mshairi wa Skotilandi, katika shairi alilolichapisha 1786, anamsimulia mjane aliyekwenda kijitoni usiku kumpigia ramli mume mpya. Mara gizani shetani, au labda mtamba tu aliyelala nje, akainuka akatoa croon moja. Mjane akaruka, mguu ukakosa pa kukanyaga, akatumbukia majini hadi juu ya masikio. Hapo hapana kubembeleza! Miaka michache baadaye mshairi huyohuyo akampa neno hilo mlevi aliyepanda farasi, anayejiimbia chinichini huku akiangaza macho asije akavamiwa na mazimwi. Kutoka hapo hadi kwa mama anayelaza mtoto hapakuwa mbali.

Kilichobadilisha mambo ni kipaza sauti. Kabla ya 1925, mwimbaji studioni alilielekezea pembe kubwa sauti yake yote, maana mnong'ono haukuacha alama kwenye sahani ya nta iliyonasa sauti. Mwaka huo kampuni za santuri zikaanza kurekodi kwa umeme, na waimbaji wa Marekani kama Rudy Vallée na Bing Crosby wakawa wanaimba kama walio sikioni mwa msikilizaji. Wakaitwa crooners, na wengi waliowaita hivyo walikusudia kuwakebehi. Januari 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani kwamba uimbaji wao ni aibu kwa mwanamume. Mimi naona masikio ya kardinali yalikuwa mazima. Ile kweli ilikuwa sauti ya chumbani, na sasa ilikuwa inaingia sebuleni mwa kila mwenye redio.

Uingereza nyota wao alikuwa Al Bowlly, mzaliwa wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, aliyekulia Johannesburg na kuuawa na bomu la Wajerumani London mwezi Aprili 1941. Mwaka uliofuata BBC ikaamua kuwabana waimbaji wa kiume wenye sauti legelege, eti wakati wa vita hawafai.

Ndugu mmoja hapa mbele ananiuliza, na sisi je? Tunalo kutumbuiza. Wazee walimaanisha kumliwaza mtu kwa wimbo, hata kumlaza mtoto. Leo tangazo likisema msanii fulani atatumbuiza Jumamosi uwanjani, majirani wanajua hakuna atakayelala.