Jirani anapokuudhi, umwendee nani uliyemchagua?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma pale, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu za jioni mkaja. Nimeombwa nizungumze juu ya jirani anayeudhi na viongozi tuliowapigia kura. Ninachokiamini nitakisema tangu mwanzo. Wengi wetu tunakwenda kwa diwani au kwa mwakilishi na ombi lisilokuwa lake. Tunamwambia, "Nisemee na fulani." Diwani hana amri juu ya fulani. Hawezi kumzimia muziki wake, hawezi kumfukia shimo la choo, hawezi kumtia ndani. Alichonacho ni sauti mbele ya ofisi zenye amri hiyo, na ofisi hizo zina wajibu wa kumjibu. Basi mpelekee habari ya ofisi iliyonyamaza. Habari ya jirani mwenyewe ina pahala pake, na nitapataja.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili ni kubwa. Sensa ya 2012 ilitukuta Zanzibar tupo watu 1,303,569. Ya 2022 imetukuta 1,889,773, na Pemba peke yake 543,441. Ardhi ni ile ile. Hapa mjini Chake Chake, tazameni Machomane, tazameni Tibirinzi: nyuma ya nyumba palipokuwa na minazi leo pana ukuta wa mtu, na choo cha mmoja kimekaa chini ya dirisha la mwenziwe. Watu hawakuwa waovu kuliko wazee wao. Wamesogeleana, na anayeumia zaidi ni yule anayeshinda nyumbani: mama mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye presha, mwanafunzi anayejitayarisha na mitihani. Anayesema "hizo kelele ndogo tu, mvumilieni" mara nyingi yeye halali hapo.

Dini yetu nayo haikulichukulia jambo hili kijuujuu. Mtume (S.A.W.) amesema Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi. Na ipo hadithi nyingine inayonigusa zaidi kila ninapolifikiria suala hili. Mtu alimwendea Mtume kumshitakia jirani yake. Akaambiwa, nenda kasubiri. Akarudi mara ya pili au ya tatu. Ndipo akaambiwa, toa vyombo vyako uviweke njiani. Akavitoa. Kila apitaye akauliza kuna nini, naye akaeleza, watu wakamlaani yule mwenye kuudhi, mpaka mwenyewe akaja akamwambia rudisha vyombo vyako, hutaona tena kwangu jambo la kukuchukiza. Mimi nafahamu kwamba subira imetangulizwa, lakini haikuwa ndiyo mwisho wa maneno. Mwenye kudhulumiwa akaonyeshwa njia ya kulitoa jambo lake hadharani, bila ngumi wala matusi.

Sasa tuje kwenye milango.

Mlango wa mwanzo ni wa jirani mwenyewe, nao sitakaa sana. Nenda mchana, nenda na mtu mmoja anayemheshimu, sema shida yako na si tabia yake. Wengine hawajui kwamba wanaudhi. Ikiwa unamuogopa, usiende.

Mlango wa pili ni kwa sheha. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wapo kati yetu ambao hawataki kupita kwa sheha kwa sababu ya siasa. Sheha hachaguliwi kwa kura, anateuliwa, na sisi Wapemba tuna historia ndefu ya kutazamana kwa macho ya vyama. Najua. Hata hivyo, sheha ndiye mkono wa serikali ulio karibu na nyumba yako, na kupatanisha watu wa shehia yake ni katika kazi zake. Ukimruka, kila ofisi utakayokwenda mbele itakuuliza, "Sheha wako anasemaje?" Nenda, na likishasikilizwa omba liandikwe: tarehe, waliokuwepo, walichokubaliana. Likishindikana, omba barua ya kulipeleka mbele. Akikataa kukupa, wewe andika yako kwamba siku fulani ulimwendea na hukupata jawabu. Karatasi hiyo ina thamani kuliko mnavyodhani.

Mlango wa tatu ni ofisi yenye amri, na hapa ndipo watu wanapopotea, maana kila udhia una mwenyewe. Taka, maji machafu yanayotiririka njiani, karakana iliyofunguliwa katikati ya nyumba za watu: hayo ni ya Baraza la Mji, na maafisa wa afya wanahusika. Moshi, kemikali, uharibifu wa mazingira: ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, chini ya sheria ya 2015. Mpaka wa kiwanja: Kamisheni ya Ardhi, na mzozo ukikomaa, Mahakama ya Ardhi. Vileo, bodi inayotoa leseni za vileo. Dawa za kulevya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Vitisho, kupigwa, kurushiwa mawe: polisi, siku hiyo hiyo, na usingoje kupita kwa sheha.

Umeshakwenda. Umepeleka barua. Wiki zinapita, kimya. Sasa ndiyo wakati wa yule uliyempigia kura. Na hapa Zanzibar tunao watatu, tena watu wanawachanganya.

Diwani ni wa wadi yako. Anakaa katika kikao cha Baraza la Mji au cha Halmashauri, na Mkurugenzi na maafisa wake wanaleta taarifa zao mbele ya kikao hicho. Serikali za mitaa zetu zinakwenda kwa Sheria Namba 7 ya 2014, na sheria ndogo za taka, masoko na biashara hupitia kwa madiwani. Kwa udhia mwingi wa mtaani, diwani ndiye mtu wako. Mimi husikitika nikiona watu wanamkimbilia mwakilishi kwa jambo ambalo diwani angeweza kulisimamisha kikaoni.

Mwakilishi ni wa jimbo, anakaa Chukwani, Unguja, katika Baraza la Wawakilishi lililoanza kazi 1980. Yeye anawauliza mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi: ardhi, afya, mazingira, serikali za mitaa. Swali lake likiulizwa ukumbini, waziri hujibu na jawabu huingia katika kumbukumbu rasmi za Baraza. Afisa aliyelala juu ya barua yako huamka akisikia kwamba waziri anatakiwa jawabu.

Mbunge naye ni wa jimbo, lakini yuko Dodoma, na kazi yake ni mambo ya Muungano. Polisi ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kama malalamiko yako ni kwamba umeripoti vitisho kituoni na faili halisogei, baada ya kumuona mkuu wa kituo na mkuu wa polisi wa wilaya, mtu wa kuliuliza kwa waziri anayesimamia polisi ni mbunge. Ukimpa mwakilishi, atakusaidia kwa simu na kwa heshima yake, lakini waziri huyo hakai Chukwani.

Sasa barua. Nataka niwape mfano, maana barua nyingi zinajaa hasira na hazina habari. Tuseme nyuma ya nyumba yako pana karakana ya kuchomelea vyuma, mashine zinalia mpaka saa sita za usiku. Usiandike "huyu mtu hana adabu na ukoo wao wote ndivyo walivyo". Andika hivi: "Mimi ni mkaazi wa shehia fulani, wadi fulani. Tangu mwezi fulani, karakana iliyopo pahala fulani inafanya kazi baada ya saa nne za usiku. Nilizungumza na mwenyewe tarehe hii. Sheha alitukutanisha tarehe hii, nakala ya barua yake imeambatanishwa. Niliandika kwa Mkurugenzi tarehe hii, sijapata jawabu. Naomba umuulize Mkurugenzi mambo mawili: je, karakana hii imepewa leseni kufanya kazi pahala hapa, na barua yangu imefikia wapi?"

Basi. Ukurasa mmoja. Mnaona ombi lenyewe? Hakuna pahala umemwomba diwani aamue baina yako na jirani. Jirani yako naye ni mpiga kura wake, pengine ni shemeji yake. Ukimtaka achague upande, atawapoza nyote wawili kwa maneno mazuri na jambo litabaki. Ukimtaka aulize ofisi maswali mawili, hana sababu ya kukataa, hata kama hukumpigia kura wewe. Na majirani wengine wanaoumia watie saini pamoja nawe. Weka nakala, na omba yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wapo watasema hawajui kuandika barua za ofisini. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, kina ofisi hapa Chake, na wapo wasaidizi wa sheria katika majimbo. Nendeni kwao.

Mambo mawili nayaogopa. La kwanza ni makundi ya WhatsApp. Mtu anampiga picha jirani, anamtaja jina, anamwita mchawi au muuza unga, saa hiyo hiyo mtaa mzima umeshapata. Yule mtu wa hadithi alisema ukweli kuhusu udhia aliofanyiwa, mbele ya waliosimama wakamuuliza. Kusambaza tuhuma usizoweza kuzithibitisha ni jambo jengine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. La pili ni kumtaka mwakilishi apige simu mtu akamatwe. Leo simu hiyo imekufaa. Kesho atapigiwa mwengine dhidi yako.

Na jirani anayepiga kelele usiku na kuvunja vitu, huenda ni mgonjwa, au ni kijana aliyezama katika unga na mama yake ameshachoka. Huyo anahitaji hospitali au nyumba ya upataji nafuu, na familia yake inahitaji mtu wa kuwashika mkono. Hapo pia diwani anaweza kusaidia, kwa kuwaunganisha na wanaohusika na ustawi wa jamii. Nawaombeni muanze na huruma kabla ya kuanza na barua.

Naam, mama, nimekuona mkono. Tusikilizeni.

Mama anauliza: kama anayeudhi ni diwani mwenyewe, au ni ndugu yake, afanye nini? Ahsante sana, suali hili ni la haki. Usimpitie yeye. Barua yako kwa Mkurugenzi ibaki pale pale, lakini weka nakala kwa Mkuu wa Wilaya, kisha mpelekee mwakilishi wa jimbo, maana yeye anaweza kumuuliza waziri anayesimamia serikali za mitaa kwa nini Baraza la Mji halikujibu. Usiandike kwamba diwani anamlinda ndugu yake kama huna ushahidi. Andika tarehe ulizokwenda na majibu uliyopewa. Wakati huo huo muone msaidizi wa sheria, akwambie kama jambo lako limefikia kwenda mahakamani, kwa sababu huko diwani na wewe mtasimama sawa mbele ya hakimu. Na mama, usiende peke yako. Nenda na wale wengine wawili uliosema nao hawalali.