Kilima na kinundu: kusoma grafu ya mwanga ya OGLE-2005-BLG-390

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Karatasi mliyopewa mlangoni ina grafu moja tu. Mstari wa chini ni tarehe, Julai na Agosti 2005. Mstari wa wima ni mwangaza wa nyota moja iliyo upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu. Nukta zinapanda polepole, zinafika kileleni tarehe 31 Julai, kisha zinashuka. Tarehe 10 Agosti, zikiwa bado zinashuka, kuna kinundu. Kinundu hicho kilisababishwa na sayari. Leo tutakipima kilima hicho na kinundu chake kwa kalamu. Hesabu yenyewe haizidi ya kidato cha nne. Kazi iko katika kujua lipi limo ndani ya grafu na lipi limetoka nje yake.

Nyota iliyong'aa haikubadilika yenyewe. Nyota nyingine, hafifu mno, ilipita mbele yake, na mvutano wake ukaupinda mwanga na kuukusanya kuelekea kwetu. Einstein aliliandika jambo hili mwaka 1936, akaona hakuna matumaini makubwa ya kulishuhudia. Ukikodolea nyota moja, kweli hutaliona. Ndiyo maana mwaka 1986 Bohdan Paczyński alipendekeza zifuatiliwe mamilioni ya nyota kwa pamoja, na mwaka 1993 matukio ya kwanza yakatangazwa. Hili letu lilitambuliwa tarehe 11 Julai 2005 na OGLE, mradi wa wanaastronomia wa Poland wenye darubini ya mita 1.3 huko Las Campanas, Chile.

Tuanze na kilima. Nyota mbili zingekuwa kwenye mstari mmoja kamili, mwanga wa ile ya nyuma ungeonekana kama pete, pete ya Einstein. Nusu kipenyo cha pete hiyo ndiyo rula yetu. Tuite u umbali kati ya nyota hizo mbili angani, ukipimwa kwa rula hiyo. Mwangaza huongezeka mara (u² + 2) ÷ [u × √(u² + 4)]. Kileleni nyota iling'aa karibu mara 3. Weka u = 0.36, utapata 2.9. Basi nyota zilikaribiana hadi 0.36 ya rula. Upana wa kilima nao unasema kwamba kuukata urefu wa rula moja kulichukua siku 11.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kuelekea kitovu cha galaksi nyota zimesongamana, na nukta moja kwenye picha inaweza kuwa na mwanga wa nyota kadhaa. Mwanga wa jirani haukuzwi, ila unapunguza urefu wa kilima, na usipoutenganisha utapata u isiyo sahihi na siku zisizo sahihi. Kwa hiyo kila darubini hupewa namba zake mbili: mwanga wa nyota yenyewe na mwanga wa majirani. Kazi haina raha, lakini ukiiruka, yote yanayofuata yanaharibika.

Na zile siku 11? Ndani yake masi ya nyota ya mbele, umbali wake na kasi yake vimechanganyika. Nyota nzito yenye kasi na nyota nyepesi iendayo taratibu zinaweza kuchora kilima kilekile. Kilima peke yake hakiwezi kukupa masi, hata ukipata nukta elfu kumi.

Kinundu ndicho kilichobadilisha mambo. Timu ya PLANET, yenye darubini kusini mwa dunia, ilikuwa inalifuatilia tukio. Tarehe 10 Agosti darubini ya Denmark ya mita 1.54 huko La Silla, Chile, iliona nukta zikipanda mahali zilipopaswa kushuka. OGLE ilikuwa na nukta moja tu ya usiku huo, na nukta moja ni rahisi kuitupa ukidhani ni kosa la kipimo. Kulipokucha Chile, Perth huko Australia wakapokea zamu na kunasa upande wa kushuka. Kikundi cha MOA cha New Zealand kiliporudia picha zake kikakikuta kinundu hichohicho. Shughuli nzima ilidumu kama siku moja.

Sasa shikeni kalamu. Kutoka kileleni hadi kwenye kinundu ni siku 10. Gawa kwa 11, ni 0.91. Huo ndio umbali uliosafiriwa. Kando yake kuna 0.36 yetu. Kanuni ya Pythagoras: 0.83 + 0.13 = 0.96, na kipeuo chake cha pili ni 0.98. Hiyo ndiyo u ya siku ile. Nyota ya nyuma huwa na taswira mbili, moja ndani ya pete na nyingine nje. Ile ya nje hukaa umbali wa [u + √(u² + 4)] ÷ 2. Fanyeni hesabu: 1.60. Sayari iliyovuruga taswira hiyo ilikuwa papo hapo, 1.6 ya rula kutoka kwa nyota yake, ile ya mbele. Timu, kwa kompyuta na data zote, ilipata 1.61. Kila nikiifanya hesabu hii nafurahi upya.

Kwa nini isiwe taswira ya ndani? Kwa sababu sayari ikiikaribia hiyo huififisha, na grafu ingezama, isingeinuka. Timu ilijaribu pia dhana kwamba nyota ya nyuma ina mwenzake hafifu mwenye kilima chake kidogo. Dhana hiyo haikukaa vizuri kwenye nukta.

Baki urefu wa kinundu. Nyota ya nyuma ni jitu, yaani nyota iliyovimba, na muda wa kinundu unaonyesha nusu kipenyo chake ni 0.0256 ya rula. Kwa nyota kubwa hivyo, nyongeza ya mwangaza ni takriban mara mbili ya uwiano wa masi ya sayari kwa ile ya nyota yake, gawanya kwa mraba wa 0.0256. Nyongeza ilikuwa 0.2 na kidogo. Uwiano unatoka kama 7 kwa 100,000. Timu ilipata 7.6.

Hadi hapa yote ni uwiano, hakuna hata kilo moja. Kilo zinaingia kutoka nje. Rangi na mwangaza wa jitu lile hutupa upana wake angani, na kwa ile 0.0256 tunapata rula yenyewe: 0.21 ya sehemu ya elfu ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe). Ni sawa na kuona milimita moja kutoka kilomita 1,000. Umbali ulikadiriwa kwa mfano wa mpangilio wa galaksi: miaka ya nuru 21,500 hivi, na nyota yenye masi 0.22 ya Jua. Zidisha na uwiano, unapata sayari ya masi 5.5 za Dunia, iliyo mbali na nyota yake mara 2.6 ya umbali wetu na Jua, yenye baridi ya nyuzi 220 chini ya sifuri. Matokeo yalichapishwa Januari 2006.

Hiyo 5.5 msiichukue kama namba iliyopimwa kwa mizani. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 11, na wasiwasi huo karibu wote unatokana na nyota mama. Uwiano wenyewe ni imara. Njia ya kuupunguza wasiwasi huo ipo: gawa rula kwa siku 11, utaona nyota hizo mbili zinaachana kwa takriban 7 za sehemu ya elfu ya sekunde ya tao kila mwaka. Katika miaka 20 zimeachana 0.14 ya sekunde, pengo ambalo darubini kubwa za leo zinaweza kulitenganisha. Ugumu ni kwamba moja ni jitu linalong'aa na nyingine ni kibete hafifu pembeni yake.

Haya, karibuni maswali. Anayetaka kurudia hesabu ya 1.60 ubaoni aje mbele, chaki iko hapa.