Jamani, mbunge wa Minnesota hatoi viza

Haya, hamjambo wapendwa. Leo mtanisamehe, sijajipodoa, nimetoka zamu ya usiku na macho ndiyo haya mnayoyaona. Lakini nikilala kabla sijasema, nitaamka nikute swali lile lile limeandikwa mara hamsini zaidi.

Swali ni hili: "Dada, si huko Minnesota mna mbunge Mkenya? Mwambie atusaidie na viza." Mwingine anauliza wabunge wa huku wanavuna kiasi gani, na mbona mimi sigombei. Na mmoja, ambaye ni binamu yangu na anajijua, aliandika hadharani kwamba nilimlilia mbunge mzungu, marehemu Melissa Hortman, kuliko nilivyomlilia shangazi yetu. Hilo nitalifikia. Tulia hapo hapo.

Kabla hamjaanza kusema najisifu: mimi nahudumia wazee, nawaogesha, nawalisha. Siasa ninazozijua ni zile zinazogusa karatasi yangu ya mshahara. Na wale wa "rudi nyumbani kama huko ni kubaya", silalamiki, naeleza.

Basi. Huku kuna wabunge wa kwenda Washington, ndio wanaohusika na mambo ya uhamiaji, halafu kuna wabunge wa jimbo. Na jimbo hapa msilisikie kama jimbo la uchaguzi la kwetu. Minnesota nzima ni jimbo, lina gavana wake na bunge lake pale Saint Paul, mji wake mkuu, wawakilishi 134 na maseneta 67. Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley, Mkenya mwenzetu aliyeshinda 2024, yuko kwenye hao 134. Mfikirie kama MCA, yule diwani wa kaunti kule kwetu Kenya, ila MCA mwenye meno, anayetunga sheria za shule, leseni, polisi na kodi. Viza hana. Ukimpelekea pasipoti yako atakuonea huruma tu.

Na pesa? Shikeni viti. Mbunge wa jimbo hapa analipwa dola 51,750 kwa mwaka. Kwa mwaka, nimesema. Mpaka 2016 ilikuwa 31,140, na ilikaa hapo miaka mingi bila kupanda. Mkigawa hiyo ya sasa kwa miezi kumi na miwili mnapata dola elfu nne na mia tatu hivi, kabla ya kodi. Badilisheni kwa shilingi: haifiki laki sita. Mbunge wa kwetu Kenya anapita laki saba kwa mwezi. Kuna posho kidogo siku za vikao, lakini hakuna NG-CDF, ile pesa ya maendeleo ya jimbo la uchaguzi, hakuna fomu za basari, hakuna harambee ya kuchangia mabati ya kanisa. Kwa sheria, vikao havizidi siku 120 kwa kila miaka miwili, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine. Wenzangu kazini wanaopiga zamu mbili mbili wanamshinda mheshimiwa mshahara, na hawatukanwi na mtu.

Sasa huyo mzungu niliyemlilia. Melissa Hortman. Nyumbani kwake ni hapa hapa Brooklyn Park ninapokaa mimi. Alikuwa wakili. Aligombea 1998 akaanguka, akagombea 2002 akaanguka tena, akaingia 2004. Kiti cha huku ni cha miaka miwili tu, kwa hiyo tangu hapo alirudi kwa wapiga kura mara kumi zaidi, na zote akapita. Hebu fikiria, kila ukimaliza kushukuru watu kwa kura unaanza kuomba nyingine, mlango kwa mlango. Mimi baridi ya hapa hata takataka natuma mtoto.

Akiwa wakili aliwahi kumtetea mpangaji aliyebaguliwa, wakashinda fidia iliyokaribia dola nusu milioni. Nilipolisikia hilo nilicheka kwa uchungu, kwa sababu mwenye nyumba wangu wa kwanza hapa alikaa na amana yangu yote, eti nimeharibu zulia. Zulia nililikuta na doa! Nilikuwa na picha. Lakini nilikuwa mgeni, simjui wakili, najua kuomba samahani tu. Haya, tuendelee, hiyo ni video ya siku nyingine.

Mwaka 2017 alikuwa anaongoza upande wa upinzani. Wabunge wanawake, wengi wao si wazungu, wakawa wanachangia mjadala, na baadhi ya wanaume wako chumba cha nyuma wanacheza karata. Akasimama akawataja vile walivyo, wanaume wazungu pekee kwenye karata zao. Wakadai aombe radhi. Akasema haombi. Hapo ndipo nilipoanza kulishika jina lake.

Kuanzia 2019 akawa Spika. Na 2023 chama chake kilikuwa na mabaraza yote mawili na gavana, kura moja tu mbele kwenye Seneti, wakapitisha mambo kama watu wanaofukuzwa na mvua. Watoto wote wa shule wale asubuhi na mchana bila kulipa. Wangu anakula, kwa hiyo msiniambie serikali ya jimbo ni kitu kidogo. Likizo yenye malipo ukiugua au ukijifungua, ambayo ilianza Januari 2026, nami nimeshauona mkato wake kwenye mshahara na nimeguna, sitadanganya. Kisha leseni ya udereva bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji. Hiyo ilikuwa imezuiwa tangu 2003, ikafunguliwa Oktoba 2023. Kuna mtu niliyeishi naye, sisemi nani, miaka yote akiona gari la polisi nyuma yake anasoma Zaburi kwa sauti. Siku alipopata kile kikadi alikizungusha mkononi, akakinusa, akakiweka kifuani. Hakikutoka Washington kile. Kilitoka Saint Paul, kwa watu wa dola 51,750.

Lakini msinielewe kwamba alikuwa malaika. Uchaguzi wa 2024 ulileta sare, 67 kwa 67, na Uspika ukaenda upande wa pili. Bajeti isipopita kabla ya Julai, ofisi za jimbo zinafungwa. Wapinzani wake wakataka bima ya afya ya watu wazima wasio na makaratasi, ambayo ilikuwa imeanza Januari 2025 tu, iondolewe. Akakubali, ili bajeti ipite. Tarehe 9 Juni 2025, katika chama chake chote pale kwenye baraza la wawakilishi, ni yeye peke yake aliyepiga kura ya kuiondoa, kisha akaongea na waandishi wa habari analia. Huku kwetu watu waligombana mpaka kanisani. Wako waliosema ametuuza, na wako waliosema kiongozi ni yule anayebeba uchafu ili wenzake wabaki na mikono safi. Mimi mpaka leo siku nyingine niko huku, siku nyingine niko kule.

Siku tano baadaye, saa tisa na nusu usiku, mtu aliyevaa kama polisi akamuua yeye na mumewe, Mark, nyumbani kwao. Usiku huo huo Seneta wa jimbo, John Hoffman, na mkewe walikuwa wamepigwa risasi, wakapona. Nakumbuka simu zetu zililia alfajiri kwa pamoja: kaeni ndani, polisi akija peke yake msimfungulie. Sisi tuliokuja huku tukiamini hatari inawafuata wanasiasa wa kwetu tu, tulikaa sakafuni mbali na madirisha.

Ndiyo, niliwasha mshumaa, nikaweka picha. Sasa binamu, shangazi alipofariki nilikuwa nasubiri makaratasi. Ningetoka nisingerudi. Nilituma mchango, wa jeneza na wa chakula, risiti ninazo. Nilimlilia kwenye gari, nje ya kazi, nikajipangusa nikaingia kumuogesha mama wa watu. Hiyo sikuichukua video.

Ya kugombea, kila mtu na hali yake, mimi naongea yangu tu. Lazima uwe raia, umri 21, mwaka mmoja ndani ya jimbo na miezi sita kwenye eneo lako. Uraia wenyewe, ada ya fomu ya karatasi ni dola 760, ukijaza mtandaoni 710. Mimi 2024 nilimlipa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa makaratasi, akasahau kunionyesha mahali pa kutia sahihi, fomu ikarudi. Miezi ikapotea, na pesa yake hakurudisha, akaniambia Mungu ana sababu.

Kwa hiyo sigombei. Na anayetaka nimpige picha nyumba ya marehemu Hortman "tuone mbunge wa Marekani anaishi wapi", sitaipiga. Acheni maoni hapo chini, ila ya viza nitayafuta. Naenda kulala, saa tatu usiku naingia zamu.