Mwambie Mtoto Akusindikize

Mhadhara kwa viongozi wa mitaa, walezi na wahudumu wa makao ya watoto, Moshi

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, watendaji, viongozi wa dini, akina mama na akina baba mnaolea watoto wa wenzenu: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya ukaguzi wa malezi ya watoto wasioishi na wazazi wao. Jambo langu nalisema mapema. Kama mtoto hakusemeshwa peke yake, ukaguzi haujafanyika, hata kama fomu imejazwa mpaka ukurasa wa mwisho na mhuri ukagongwa. Na wanaoweza kuufanya ukaguzi huo uwe na maana ni ninyi mliopakana na mtoto huyo ukuta kwa ukuta.

Tuanze na sheria, maana wengi tunadhani haya ni mambo ya hisani tu. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 94 kinazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lao. Kifungu cha 95 kinakugeukia wewe mwananchi: ukiwa na ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, ni wajibu wako kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka. Halafu mwaka 2012 zikatoka kanuni, za malezi ya kambo peke yake na za makao ya watoto peke yake.

Malezi ya kambo ni pale mtoto anapowekwa katika familia isiyo yake kwa muda, chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Mama anayeishi Pasua, hapa Moshi, akitaka kumpokea mtoto wa namna hiyo, haanzi kwa kwenda kumchagua. Anaanzia ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa anafika nyumbani kwake, anaongea na mume, anaongea na watoto waliopo, anauliza kipato na afya, anauliza majirani, kisha anaandika taarifa ya uchunguzi. Akikubaliwa, mtoto anakuja, na afisa anapaswa kuendelea kupita. Mtoto huyo hajawa wa mama yule moja kwa moja. Kuasili ni safari nyingine, inayoishia mahakamani.

Makao ya watoto nayo yanatakiwa kuwa na leseni, na mwenye mamlaka ya leseni ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Hapa ndipo pana ugumu wenyewe, na naomba mnivumilie kidogo. Kamishna yuko wizarani. Anayeijua njia ya kwenda yalipo makao, anayejua kwamba mvua za masika zikinyesha pikipiki haipandi, ni afisa wa halmashauri, na huyo analipwa na kupangiwa kazi na halmashauri. Mafuta ya kumfikisha huko yanagombaniwa na madawati, zahanati na barabara. Kwa hiyo leseni inaweza kuwa imetundikwa vizuri ukutani, kwenye fremu, na bado hakuna aliyekanyaga jikoni kwa muda mrefu. Simlaumu afisa. Wengi wao ninawaona wakifanya kazi ya watu kadhaa. Lakini madiwani wakikaa kupanga bajeti, kasma ya ukaguzi wa watoto isiwe ya kwanza kukatwa, na ninyi wenyeviti mna sauti mbele ya madiwani wenu.

Ngoja niwaonyeshe kitu. Niliwahi kuingia katika makao ambayo sitayataja. Palikuwa safi, bustani imemwagiliwa, watoto wakatuimbia. Nikaomba daftari la wageni. Ukurasa baada ya ukurasa, majina ya wageni kutoka ng'ambo, maneno ya upendo, vijimioyo vimechorwa pembeni. Nikatafuta jina la shangazi wa mtoto yeyote, mjomba, babu. Sikuliona. Nikatafuta saini ya afisa ustawi, ikawa ni ya zamani, wino umeanza kufifia. Nikaomba mafaili. Faili moja lilikuwa na picha ya mtoto na nakala ya kadi ya kliniki, basi. Hapakuwa na amri ya mahakama, barua ya ustawi wala mpango wa kumrudisha kwao. Nikamuuliza mlezi mtoto huyu amefikaje, akanijibu kwa upole kabisa: "Aliletwa na msamaria mmoja."

Ndugu zangu, mtoto haletwi na msamaria akaachwa hivyo. Yule mtoto ana kwao. Watoto wengi walio makaoni wana mzazi mmoja aliye hai, au wana ukoo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Lakini sisi tunaishi chini ya mlima. Wageni wanakuja kuupanda, wanapita makaoni na zawadi na michango, wengine wanakaa kujitolea wiki mbili wakibeba watoto mgongoni. Moyo wao ni mwema. Ila mtoto akirudishwa kwa shangazi yake Rombo, picha haipo tena na mchango unakwenda na picha. Mkaguzi asiyeuliza fedha zinaingiaje na watoto wangapi wamerudi makwao hajauliza swali lenye uzito.

Sasa nyumba za walezi wa kambo. Ziara ya kupiga simu kwanza ina nafasi yake, lakini ya kushtukiza ndiyo inayokuonyesha nyumba ilivyo. Omba kuona anapolala. Godoro lake lilinganishe na la watoto wa pale. Omba daftari la shule. Mtoto anayekosa shule kila Jumatatu daftari lake lina mapengo ya Jumatatu. Angalia viatu. Ukimuuliza mbele ya mlezi kama anaishi vizuri atasema ndiyo, kwa sababu usiku atalala nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo ukimaliza chai aga, kisha mwambie mtoto akusindikize mpaka barabarani. Ni desturi yetu, hakuna atakayeshangaa. Mle njiani usimhoji kama polisi. Muulize anacheza na nani, nani anapika, nani akikasirika anafanya nini. Halafu nyamaza, umwache aseme.

Na akikuambia jambo zito, usirudi pale pale kumfokea mlezi ukaondoka. Umemwacha mtoto mikononi mwa mtu aliyekasirika. Peleka taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa ustawi, na hakikisha kuna mtu atakayerudi haraka kumwona.

Niseme pia kwamba walezi wengi ni watu wa kuheshimiwa. Mlezi mwenye mtoto anayekojoa kitandani kwa sababu ya aliyoyapitia anahitaji ushauri na shuka za ziada, na mkaguzi aliyekuja kuhesabu makosa tu atamfanya afiche shida mpaka ziwe kubwa.

Mtaniuliza habari za bibi wa Kibosho anayelea wajukuu kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Bibi hahitaji leseni na asisumbuliwe. Mtendaji amfahamu, ajue wajukuu ni wangapi, ajue nani atawachukua bibi akiugua.

Ninayemhofia zaidi ni yule "mtoto wa ndugu" aliyeletwa kutoka mkoa mwingine aje asome, na saa nne asubuhi siku ya shule anaonekana anafua. Hayumo kwenye orodha ya walezi wa kambo, wala ya makao. Hakuna afisa mwenye faili lake. Anayemwona ni jirani anayeanika nguo upande wa pili wa michongoma, na mwenye duka anakotumwa mkaa. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za mtaa na za kata zipo kwa ajili ya watoto kama huyu. Mwambieni mtendaji, au afisa ustawi wa jamii, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama unaogopa kuonekana, piga 116, Simu kwa Mtoto, haikukati hela.

Wenyeviti, kabla hatujaenda kwenye maswali, naomba kila mmoja aandike majina ya makao yote yaliyo katika mtaa wake, yenye kibao na yasiyo na kibao, na kama amewahi kuiona leseni yake kwa macho. Karatasi mzikabidhi kwa afisa aliyekaa hapa mbele. Mama pale nyuma alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo, karibu.