Kupika Matokeo: Mhadhara kuhusu Maabara katika Shahada ya Kwanza ya Kemia

Walimu wenzangu, nanyi mnaoanza mwaka wa kwanza, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya maabara. Nitaanzia mahali ambapo hatupendi kuanzia: kupika matokeo.

Mnacheka, kwa hiyo mnanielewa. Mwanafunzi amefanya titresheni mara tatu, yaani amedondosha besi kwenye asidi mpaka rangi ibadilike, ili ajue mkolezo. Asidi iko kwenye chupa, besi iko kwenye bureti, ule mrija wima wenye vipimo. Amesoma mililita 24.10, kisha 24.65, kisha 24.15. Kijitabu cha maelekezo kinadai majibu yasipishane zaidi ya mililita 0.10, muda umekwisha, na fundi wa maabara ameshaanza kukusanya vyombo. Kwa mchoro mmoja wa kalamu, 24.65 inageuka kuwa 24.20. Alama anapata zote.

Mimi nasema hapo kipindi kizima kimepotea, kwa sababu katika namba zile tatu, iliyokuwa na la kusema ni hiyo iliyofutwa. Hebu tuihoji. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, kwa hiyo ziada ya nusu mililita ni matone kumi hivi. Kama angekuwa amepitiliza mwisho kwa matone kumi, fenolfthalini, ile dawa inayoonyesha mwisho kwa kubadilika rangi, isingekuwa ya waridi hafifu, ingekoza kabisa. Aliandika rangi gani? Ikiwa daftari linasema "waridi hafifu", basi shtaka la kupitiliza limeanguka, tutafute kwingine. Labda ncha ya bureti ilikuwa na kipovu cha hewa kilichotoka katikati ya kazi, myeyusho ukashuka kujaza nafasi yake, nasi tukauhesabu kana kwamba umeingia chupani. Labda chupa ilisuuzwa kwa asidi ileile badala ya maji yaliyokenekwa, ikabaki na asidi ambayo pipeti, mrija wa kupimia asidi, haikuipima. Kila kosa kati ya haya lina alama zake, na alama hizo zinaonekana tu kwa mtu aliyeandika alichokiona wakati alipokiona.

Sasa mtaniambia: huyo ni wa mwaka wa kwanza, ana haja gani na upelelezi wote huo? Nitawajibu kwa habari ya Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa akipima msongamano wa naitrojeni. Alijaza tufe la kioo naitrojeni aliyoitoa hewani, akapata gramu 2.310 hivi. Alipolijaza tufe hilohilo naitrojeni iliyotokana na misombo ya kikemia, alipata gramu 2.299 hivi. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Angeweza kuchukua wastani na kulala usingizi wake. Badala yake, mwaka 1892 aliandika barua kwenye jarida la Nature akiomba yeyote mwenye maelezo amsaidie. Mwaka 1894, yeye na mkemia William Ramsay walitangaza kwamba hewani mna gesi ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua: argoni, ambayo ni takriban asilimia 0.93 ya hewa kavu. Hewa ambayo kila mkemia alikuwa akiivuta!

Nisisitize kwamba Rayleigh aliweza kuiamini tofauti ile kwa sababu aliijua mizani yake na alijua kila gesi imetoka wapi. Wanafunzi wetu tunawanyima hilo. Tunawapa sodiamu haidroksaidi, ile besi ya kwenye bureti, iliyokwisha kubandikwa lebo ya mkolezo wa moli 0.100 kwa lita, wanaiamini lebo. Wakati kemikali hiyo hufyonza unyevu na kaboni dioksaidi kutoka hewani, na hata ukiipima kwa mizani bora kiasi gani, uzito wake haukuambii mkolezo wa kweli. Lazima isanifishwe, yaani mkolezo wake upimwe kwa kulinganishwa na kemikali ya kuaminika, kwa kawaida potasiamu haidrojeni fthaleti, ambayo hukaa bila kubadilika na uzito wa moli moja yake ni gramu 204.22. Kazi hiyo huchukua sehemu kubwa ya kipindi, na ndiyo maana tunaikwepa. Tunakosea.

Usalama nao umeingiwa na ugonjwa huu. Fomu inauliza kama umevaa glavu, unaandika "ndiyo", imekwisha. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia nchini Marekani, alidondokewa na dimethili zebaki, msombo wa zebaki wenye sumu kali, juu ya glavu za mpira. Kemikali ile ilipenya glavu, naye akafariki mwaka uliofuata. Fomu yenye maana ingeuliza: glavu za aina gani, dhidi ya kitu gani, kwa muda gani?

Pendekezo langu, basi. Kila mwanafunzi apewe sampuli isiyojulikana iliyo yake peke yake, ili asiwe na jibu la kuchungulia kwa jirani. Daftari liandikwe kwa wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba isomeke. Na nusu ya alama itolewe kwa daftari: aliyepata jibu lisilo sahihi akaonyesha linaweza kuwa limetoka wapi, amzidi aliyepata jibu sahihi kwa kurasa tupu.

Najua kusahihisha kutakuwa kuzito. Daftari halisahihishwi kwa kupiga vema na mkasi, linasomwa. Kwa hiyo tuwafundishe wasaidizi wetu kulisoma kabla muhula haujaanza, na tupunguze idadi ya majaribio. Afadhali sita yanayorudiwa mpaka yaeleweke kuliko kumi na mawili ya kukimbizana. Mwenzangu wa kemia ogania ameshainua mkono. Nadhani anataka kuniambia ni yapi kati ya ya kwake hayaguswi. Karibu.