Rangi ya kulanti haikuambii kitu: kwa ndugu zangu wa Nakuru na Kisumu

Hamjambo Nakuru, hamjambo Kisumu, Kakamega, Bungoma, nanyi mnaonitazama kutoka Kericho! Ni mimi tena kutoka Minneapolis. Leo sizungumzii kazi wala viza, leo nimefungua boneti. Wengi wenu mmeniuliza mtie kulanti gani, yaani ile dawa ya maji ya rejeta inayopoza injini, na wengine mkaongeza: kwani sisi tuna theluji? Maji ya mfereji si yanatosha?

Nianze na hayo maji. Huku usiku wa Januari baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda ndani ya injini hupanuka, na bloku hupasuka. Kwa hiyo huku hakuna anayebishana. Huko nyumbani hatari hiyo haipo, ndiyo maana mtu huona kulanti ni gharama ya bure. Lakini kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti. Kazi inayowahusu ninyi ni kulinda chuma.

Fundi wako akikwambia maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti, usimbishie, anasema kweli. Shida ya maji si joto. Ndani ya injini yako kuna alumini, kuna chuma, kuna raba, na maji ya mfereji au ya kisima yana chumvi na madini. Yakizunguka humo yakiwa moto, chuma kinashika kutu, alumini inalika, na chokaa inajijenga kwenye vijia vya rejeta, ambavyo ni vyembamba sana. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na hizo ndizo unazolipia hasa.

Mdogo wangu anaendesha Probox, anabeba abiria kati ya Kisumu na Kakamega. Juzi alinipigia video akiwa gereji, gari limechemsha tena. Fundi, mzee wa heshima, alikuwa ameshatoa wota pampu, ile inayozungusha maji ndani ya injini, na kuiweka kiganjani ili niione. Mapanga yake yalikuwa yamelika pembeni, moja limebaki nusu, na alipopitisha kidole ndani kilitoka na tope jekundu la kutu. Akaniambia, "Unaona, kijana wangu? Hii imeliwa na maji." Gari hilo lilikuwa likijazwa maji ya jerikeni tangu linunuliwe, chupa moja asubuhi, chupa moja jioni. Pampu, rejeta na siku zote ambazo gari limelala gereji bila kuingiza kitu: hesabu hiyo mnaijua kuliko mimi.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa Bonde la Ufa wanapaswa kulijua kuliko mtu wa Mombasa. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Pwani yanachemka nyuzi 100. Kisumu ni karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ni karibu nyuzi 91, na injini yenyewe ikiwa kazini inakaa karibu na hapo hapo! Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kile kidude kina springi na raba, kinabana presha, na presha hiyo huongeza zaidi ya nyuzi 20 kabla maji hayajachemka. Kitazame juu kimeandikwa namba ya presha, mara nyingi 0.9 au 1.1. Raba yake ikiwa imekauka au imepasuka, presha inatoroka, nawe unapanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit na abiria wako bila kinga yoyote. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu nayo inakuongezea nyuzi kadhaa juu ya hizo. Kwa hiyo kabla hujamwaga pesa kwenye kulanti, nunua kifuniko kipya chenye namba ileile. Hakuna spea ya bei nafuu inayookoa injini kama hiyo.

Haya, tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Unaenda dukani, unaambiwa ya kijani ni ya kawaida, nyekundu ni kali, ya bluu ni ya magari mapya. Ndugu yangu, rangi ni rangi tu! Kila kampuni inatia rangi inayoitaka. Toyota wana kulanti ya waridi, Volkswagen nao wamekuwa na ya waridi, na hizo mbili ni dawa tofauti kabisa ndani. Fosfeti na silikati ni dawa mbili za kuzuia kutu. Wajapani hutumia fosfeti na kuepuka silikati, kwa kuwa wanahofia silikati itakwangua sili ya wota pampu. Wazungu wa Ulaya hukwepa fosfeti, kwa sababu maji yao yana chokaa nyingi na fosfeti ikikutana nayo huacha ukoko. Kila mmoja alipanga kulingana na kwao.

Na magari yetu mengi yametoka Japani. Kama una Fielder, Vitz, Axio au Probox ya miaka ya karibuni, tafuta kulanti ya muda mrefu iliyoandikwa kwamba inafaa magari ya Kijapani, yenye fosfeti na isiyo na silikati. Kwenye chupa nyingine utaona herufi P-HOAT, ndiyo aina hiyo yenye fosfeti. Ile ya waridi ya Toyota wenyewe hubadilishwa mara ya kwanza kwa kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Honda wana yao ya bluu, nayo inakaa miaka mingi vilevile. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, usikitupe. Piga picha ukurasa wa vilainishi, simu yako itakutafsiria.

Usichanganye aina mbili. Zikikutana, dawa za kutu huweza kupoteza nguvu, na baadhi ya michanganyiko huganda kama uji ndani ya rejeta. Usipojua kilichomo, mwaga yote, suuza, anza upya.

Angalia pia kama chupa imeandikwa tayari kwa matumizi au ni ile nzito ya kuchanganya. Ile nzito unaichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi yasiyo na madini, wala si ile asidi. Msidhani kuitia nzito bila maji ndiyo nguvu zaidi. Glaikoli, ndiyo kimiminika kikuu cha kulanti, ikiwa tupu hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko, na hata kwenye baridi huganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, wakati ile ya nusu kwa nusu hufika 37 chini ya sifuri kabla ya kuganda. Na bei ikiwa karibu na ya soda, jua unanunua maji yenye rangi.

Akina mama na akina baba, hili nawaomba kwa moyo wote. Kulanti ya glaikoli ina utamu, na ni sumu. Mtoto akinywa kidogo inaweza kumharibia figo. Usiiweke kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja, na ile ya zamani usiimwage mtaroni. Pale Kisumu mitaro inaelekea ziwani.

Siku ya kubadilisha, injini iwe baridi kabisa, kifuniko hakifunguliwi gari likiwa moto. Ukishajaza, washa injini na hita ya ndani iwe juu kabisa, hewa itoke, uongeze taratibu. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kiwango kwenye mtungi wa akiba. Kikiwa kimeshuka kidogo, ni hewa iliyobaki, ongeza kulanti ileile. Kikiendelea kushuka kila siku na chini ya gari hakuna hata tone, usikubali kuambiwa uongeze tu. Mwambie fundi apime presha ya mfumo mzima, kwa sababu huenda gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, inapitisha kulanti.